Mwacheni Msimulizi wa Kibanda Umiza

Kuna hukumu ambayo wasomi wetu wamekubaliana bila hata kukaa kikao. Inasema hivi: yule bwana anayeitafsiri sinema ya kizungu kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti za waigizaji, anaiharibu kazi ya watu. Anaongeza yasiyosemwa, anaruka yaliyosemwa, anamtia mfalme wa Ufaransa matusi ya Manzese mdomoni, na mwisho wa yote anamnyima mwananchi wa kijijini nafasi ya kuiona hadithi kama ilivyotungwa. Nimeisoma magazetini, nimeisikia kwenye makongamano ya fasihi, nimeisikia hata kwa waigizaji ambao filamu zao zenyewe hazina mswada. Na ikiwa sinema yenyewe imetokana na kitabu kikubwa, zile hadithi za mapanga na farasi, maharamia na hazina, hukumu inazidi ukali. Hapo, wanasema, msimulizi ana makosa mawili: ameikosea sinema na amekikosea kitabu.

Naipinga hukumu hiyo yote, na wala siipingi kwa kuwahurumia wasimulizi, ambao wanajua kujitetea. Naipinga kwa sababu imejengwa juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwapo: hadithi ya mapanga iliyotulia mahali pamoja, safi, ikingoja mtu wa kuiharibu.

Chukua Alexandre Dumas, maana ndiye anayetajwa kwanza kila mara. Mwanamume huyu, mjukuu wa mwanamke aliyekuwa mtumwa huko Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti, alijulikana Paris kwa tamthilia kabla ya kujulikana kwa riwaya. Hadithi yake ya askari watatu wa mfalme ilitoka kwa vipande katika gazeti la Le Siècle mwaka 1844, kila kipande kikikatwa pale ambapo msomaji lazima anunue gazeti la kesho. D'Artagnan hakumtoa kichwani mwake. Alimwokota katika kitabu cha Courtilz de Sandras cha mwaka 1700, kitabu kilichojidai kuwa kumbukumbu za mtu halisi huku kimejaa chumvi. Rasimu nyingi aliandaliwa na Auguste Maquet, ambaye baadaye alimfikisha mahakamani akidai haki yake. Kisha, mwaka 1847, Dumas akafungua ukumbi wake mwenyewe wa maonyesho, Théâtre Historique, akaanza kuzipandisha riwaya zake jukwaani. Hadithi ya Monte Cristo ilipochezwa humo mwaka 1848 ilichukua jioni mbili mfululizo, na bado mengi ya kitabuni yalibaki nje. Aliyeyakata ni nani? Mwenye kitabu. Alijua watu waliolipa kiingilio wanataka nini, akawapa.

Sasa mtu akiniambia kwamba msimulizi wa Kiswahili anaisaliti nia ya Dumas, namuuliza ni ya Dumas yupi: wa gazeti, wa jukwaa, au wa mahakamani na Maquet?

Zorro ndiye anayewaumbua kabisa. Johnston McCulley alimtoa katika hadithi iliyochapishwa na jarida moja la Marekani mwaka 1919, hadithi yenye jina lisilokumbukwa na mtu leo isipokuwa wataalamu. Mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akaigeuza kuwa sinema, The Mark of Zorro, akamvika nguo nyeusi na kumfanya arukeruke juu ya mapaa. Sinema ikavuma kiasi kwamba hadithi ilipotolewa kama kitabu ilibadilishwa jina lifuate la sinema, na McCulley mwenyewe, katika hadithi zilizofuata, akamwandika Zorro kama alivyochezwa na Fairbanks. Mtunzi alimfuata mwigizaji! Zorro huyo akavuka bahari hadi Bombay, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Wadia walimvika mwanamke barakoa, wakampa mjeledi, wakatoa Hunterwali mwaka 1935. Waliokuwa wakijaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam kwa ajili ya picha za Kihindi walikuwa wakiangalia wajukuu wa Zorro bila kuambiwa.

Hata mngurumo wa haramia, ile sauti ya kukwaruza ambayo kila mtoto duniani huiigiza akijifunga kitambaa jichoni, haukutoka kwa Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Treasure Island. Ulitoka kwa mwigizaji Robert Newton alipomcheza Long John Silver katika sinema ya Disney ya mwaka 1950. Aliongea kwa lafudhi ya magharibi mwa Uingereza, akaitia chumvi, dunia ikaamini kwamba ndivyo maharamia walivyoongea. Hakuna profesa aliyelalamika kwamba Newton aliiharibu Treasure Island. Lakini akitokea kijana wa Tandika akampa Silver sauti ya mpiga debe wa Mbagala, tunaambiwa fasihi imekufa.

Nije Gwata. Jina hilo la Pwani utalikuta Kibaha na utalikuta Kisarawe, na kibanda umiza nilichokaa mimi kinafanana na vingine vyote: mabati, turubai jeusi la kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao yaliyopigwa misumari haraka, televisheni bapa na spika moja kubwa, umeme wa sola. Ndani walikuwamo vijana wa bodaboda, wachoma mkaa, wafugaji wawili waliosimamisha fimbo zao ukutani, na mzee mmoja ambaye kila mtu alimwachia benchi la mbele. Picha ilikuwa ya Monte Cristo, ile ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Kevin Reynolds, na sauti ya msimulizi ilikuwa imerekodiwa juu yake.

Nilikuja nikiwa na kalamu ya kuhesabu makosa yake. Niliiweka mfukoni baada ya muda mfupi, kwa kuwa nilianza kuona kazi. Napoleon anapotokea kwenye kisiwa cha Elba, msimulizi hakusema habari za Waterloo. Alisema huyu ni mkubwa aliyepinduliwa, wamemweka kisiwani asirudi madarakani, na anayebeba barua yake kajitafutia kesi. Basi. Hakuna aliyekuwa kwenye lile benchi aliyehitaji zaidi ya hapo kuelewa kwa nini Edmond, steringi wa picha, anakamatwa. Fernand alipoanza kumchekea Edmond, msimulizi alitangulia kidogo tu: mwangalieni huyu, rafiki wa kula na kunywa. Watu wakaguna. Kule gerezani, Edmond na yule padri mzee wanapochimba, picha inapita kimya kwa muda mrefu, na hapo ndipo niliposhangaa. Msimulizi aliujaza ule ukimya kwa miaka. Akawa anaihesabu, mwaka huu, mwaka mwingine, kwa sauti inayochoka, mpaka kijana mmoja wa bodaboda nyuma yangu akasema taratibu, "Jamani, watamaliza lini hawa?" Halafu, Edmond alipojificha ndani ya gunia la maiti na kutupwa baharini, msimulizi alinyamaza. Akaacha maji peke yake yasikike. Aliyemwambia anyamaze pale ni nani? Hakuna chuo kinachofundisha kazi hiyo.

Picha ilipokwisha, mzee wa benchi la mbele hakuinuka. Alianza kubishana na vijana kuhusu picha nyingine kabisa, ya migodi ya Mfalme Sulemani, akisisitiza kwamba katika kitabu alichosoma shuleni yule mchawi Gagula ni bibi kizee, na waliotengeneza sinema wamemgeuza mwanamume. "Babu, we ulisoma lini hicho kitabu?" kijana akamuuliza. Mzee akataja darasa lake, akaendelea kubishana. Nawaeleza haya kwa sababu wapo wanaosema watu wa vibandani hawajui tofauti ya kitabu na picha. Wanajua. Wanaijua kuliko wengi wanaoandika kuwatetea.

Na sasa turudi kwenye ile picha ya Monte Cristo, maana hapa ndipo hukumu ya wasomi inapovunjika yenyewe. Katika kitabu, Fernand si rafiki wa Edmond. Ni jamaa wa Mercédès, mchumba wa Edmond, na mshindani wa posa. Katika kitabu, padri Faria humfundisha Edmond lugha, hesabu na falsafa, wala si kupigana kwa upanga. Katika kitabu, Albert, mwana wa Mercédès, si mtoto wa Edmond. Na mwisho wa kitabu, Edmond hamrudii Mercédès. Anaondoka kwa jahazi na mwanamke mwingine, Haydée. Sinema ya mwaka 2002 ilibadilisha yote hayo. Kwa hiyo msomi anapomlaumu msimulizi wa Kiswahili kwa kuongeza maneno kama "rafiki wa kula na kunywa", analinda uaminifu wa nini? Analinda Hollywood, iliyokwisha kukibadilisha kitabu kuanzia chanzo cha chuki hadi ndoa. Msomi huyo amezoea tu kuona mabadiliko yanayofanywa kwa mamilioni ya dola kuwa ni sanaa, na mabadiliko yanayofanywa kwa kipaza sauti cha Kariakoo kuwa ni uharibifu.

Kitabu kinachotuhusu sisi zaidi ni kile cha Rider Haggard cha mwaka 1885. Inasemekana alikiandika baada ya kuwekeana dau la shilingi na kaka yake kwamba anaweza kutunga kitu kinachofikia nusu ya Treasure Island. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye muda mfupi baadaye angekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alikifasiri kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka huohuo akatoa Kisiwa chenye Hazina. Vizazi vya wanafunzi wetu vilijifunza kusoma riwaya kwa vitabu hivyo. Kisha kampuni ya MGM ikaja na kamera zake, ikazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Ruanda, ikapiga picha maporomoko ya Murchison, ikamchukua Siriaque kuwa Umbopa na Baziga kuwa Mfalme Twala, na mwaka 1950 ikatoa sinema iliyopata Oscar ya upigaji picha.

Je, ilikuwa aminifu? Kitabu hakina mwanamke wa kizungu safarini. Sinema ya mwaka 1937 ilimwingiza mmoja. Ya mwaka 1950 ikamwingiza mwingine. Ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, ikamwingiza Sharon Stone. Vita kubwa ya kitabuni ikapunguzwa, mwaka 1950, ikawa pambano la watu wawili. Haggard mwenyewe alikuwa amekwisha kukirekebisha kitabu chake: kupatwa kwa jua kulikokuwa katika toleo la kwanza alikugeuza kuwa kupatwa kwa mwezi, kwa kuwa hesabu za anga hazikukubali. Hata mwenyewe hakukiheshimu hivyo.

Lakini tuseme uaminifu unawezekana. Tuseme ipatikane sinema inayofuata kila ukurasa wa Haggard, nayo isimuliwe pale Gwata neno kwa neno. Mtoto wa Kizaramo atakaa kwenye benchi amwone Foulata, msichana wa Kiafrika aliyempenda mzungu Good, akiuawa pangoni. Na atamsikia, kabla ya kukata roho, akishukuru kwamba afadhali afe, kwa kuwa jua na giza haviwezi kuoana. Hilo ndilo analotaka mtetezi wa asili? Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza zamani jinsi Haggard na Stevenson walivyochukua mahali pa sungura, chui na simba katika kichwa cha mtoto wa shule wa Kenya. Shule haikumpa mtoto yule nafasi ya kujibu. Kibanda kinampa. Msimulizi akifika pale anaweza kusema, na nimewasikia wakisema katika picha za namna hiyo, huyu mzungu kaja kuchukua mali ya watu halafu anaitwa steringi. Benchi lote hucheka. Kicheko hicho kina uhakiki ndani yake kuliko insha nyingi nilizosahihisha.

Wasiwasi wenyewe kwamba mtazamaji wa kijijini anapotoshwa nao una historia, na historia yake si nzuri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema za kuelimisha Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Gari la sinema lilizunguka nchi hizi na picha za usafi, kilimo na kodi, na maelezo yalisemwa kwa lugha za wenyeji juu ya picha. Ndiyo, juu ya picha! Baadaye maofisa wa kitengo cha filamu cha makoloni walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo apewe picha za polepole, za wazi, zisizo na hila. Serikali ilipomsimulia mwanakijiji jinsi ya kuchimba choo, usimulizi ulikuwa elimu. Mwanakijiji alipoanza kujisimulia Zorro, ukawa uharibifu. Sioni tofauti nyingine kati ya hayo mawili isipokuwa nani ameshika kipaza sauti.

Na kazi hii ina mabingwa wake. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alianza kwa kusimulia akiwa mbele ya watu kabla ya kuingiza sauti yake kwenye kanda na diski. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliyemfuatilia aliipa makala yake jina linaloilinganisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau, na sijaona ulinganisho ulio sawa zaidi: mchele ni uleule, lakini hakuna anayekula pilau akalalamika kwamba wali umeharibiwa. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao wa Kiganda. Japani, enzi za sinema bubu, walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia, na wapo waliovuta watu kuliko waigizaji wenyewe. Leo Wajapani wanawaenzi benshi kama urithi.

Sitawatetea wote. Wapo wasimulizi wavivu wanaofunika kila kitu kwa kelele, wasiojua kunyamaza gunia linapotupwa baharini. Wapo wanaomwita kila mwanamke kwenye picha jina moja chafu, wakadhani ndiyo vichekesho. Wapo wanaokisia hadithi katikati, wakamfanya adui kuwa mjomba wa steringi, na picha ikiwakanusha wanaendelea tu. Hao wanastahili kulaumiwa, na lawama yao ni ileile ya mwigizaji mbovu au mwandishi mbovu: kazi yao haifai. Ukimlaumu kwa sababu amebadilisha, umemweka kundi moja na Dumas, na atakushukuru.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo ni ya kweli, na inanikera kwamba wanaichanganya na zile za uongo. Ni ya haki za watu. Mwaka 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga biashara ya filamu za nje zinazouzwa kiholela, na walikuwa na sababu: kanda ya nje isiyolipiwa chochote ilikuwa ikiuzwa kwa bei ambayo filamu ya Kitanzania haikuweza kushindana nayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Aliyetengeneza sinema alipwe. Lakini hiyo ni hoja ya fedha, na ina dawa ya fedha: leseni, mikataba, ada. Televisheni ya TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili mwaka 2011, kwa makubaliano, na hakuna aliyesema utamaduni wa Wachina umeporwa. Msimulizi naye apewe njia ya kuingia mkataba, badala ya kukimbizwa kila msako unapotangazwa. Tena kuna kitu ambacho hakihitaji leseni ya mtu yeyote. Dumas alifariki mwaka 1870, Stevenson 1894, Haggard 1925. Sheria yetu inalinda kazi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Vitabu hivyo ni mali ya yeyote. Vikundi vya maigizo vya shule za Kibaha na Kisarawe vinaweza kupandisha kisiwa na hazina yake jukwaani kesho, na Bagamoyo, penye chuo cha sanaa, si mbali na hapo. Kwa nini walimu hawafanyi? Kwa sababu wamefundishwa kwamba kitabu kikubwa hakiguswi.

Na tusidanganyane kwamba mambo haya ya mapanga na kutoroka gerezani ni mageni kwetu. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anafungwa gerezani akingoja kuuawa. Mjakazi wake Saada anamletea mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi hawaoni haja ya kunyang'anya, na ndani yake mna tupa. Liyongo anaomba kabla ya kifo chake apigiwe ngoma. Na ngoma inapovuma na watu kuitikia, yeye ndani anakata minyororo, kelele za sherehe zikifunika kelele za chuma. Dumas angelipia kipande hicho. Na kisa chenyewe nacho kimepita katika midomo mingi, kimeongezwa na kupunguzwa, kuna wanaosimulia kifo chake hivi na wanaosimulia vile, na hakuna mtaalamu wa Kiswahili anayethubutu kusema kwamba bibi wa Lamu aliyemsimulia mjukuu wake kwa namna yake aliuharibu utenzi. Tunamwita hazina ya fasihi simulizi, tunamfuata na vinasa sauti, tunaandika tasnifu. Mjukuu wa bibi huyo akishika kipaza sauti mbele ya televisheni, tunamwita mwizi wa lugha.

Basi safari ijayo mtu atakapoandika kwamba wasimulizi wa vibandani wanadanganya watu juu ya mwisho wa Monte Cristo, ninamwomba aanze makala yake kwa kutuambia anazungumzia mwisho upi: wa gazeti la Paris, wa jukwaa la Dumas, wa James O'Neill aliyeicheza hadithi hiyo Marekani maelfu ya mara, au wa Kevin Reynolds. Akishauchagua, atueleze kwa nini huo na si mwingine. Nitaisoma makala yake mpaka mstari wa mwisho, na nadhani yule mzee wa Gwata naye atataka kumjibu.